Nilivyokula Ureno Mbele ya Mkwe

Nilitumwa Ureno kwenda kula. Msicheke, ninyi mlioko Uvira na Bujumbura mnaosoma haya. Nilitumwa kabisa, na aliyenituma ni shemeji yangu Zakaria, mdogo wa marehemu mume wangu. Binti yangu Furaha alikuwa amepata mchumba Mreno, jina lake Rui, fundi wa umeme hapa Stockholm, kijana mrefu mwenye nyusi nzito na moyo mwepesi. Na kwa kuwa baba mtu hayupo tena duniani, neno la mwisho lilikuwa la Zakaria.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilipanda treni ndogo ya Saltsjöbanan mpaka Fisksätra anakokaa. Mke wake akatuletea chai. Zakaria hakunizungusha.

"Binti wa kaka yangu haendi katika nyumba ambayo sisi hatujala," alisema. "Kwanza mtu wetu aende, ale, aone wanakula nini na wanakulaje. Ndipo nitawaita wazee wao tuongee."

"Hiyo ni kazi ya shangazi yake, si yangu."

"Shangazi yuko Uvira. Viza ataitoa wapi? Utakwenda wewe."

Jamani! Kwetu mama mzazi hali mbele ya mkwe wake. Si chuki, ni heshima, na inaanza siku ile kijana anapojulikana kuwa anamtaka binti. Inaendelea hivyo mpaka mkwe alete kitu cha kumfungua mama mdomo, kila mmoja kwa uwezo wake. Marehemu mume wangu alileta mbuzi jike. Kabla ya mbuzi huyo, kila alipoingia uani akamkuta mama yangu anakula, mama alifunika sahani kwa kitenge chake na kuanza kuongea habari za mvua.

"Sasa mimi nitakulaje mbele ya Rui?" nilimuuliza Zakaria.

"Hilo utaliangalia wewe. Lakini ukirudi hujala, mimi sina la kuwaambia wale watu." Akamega mkate wake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Njiani kurudi kwangu Rågsved niliamua. Nitakula kila kitakachopikwa, na mkwe wangu hataniona hata nikitafuna. Kama kazi ni ya shangazi nitaifanya ya shangazi, na umama wangu nitabaki nao. Mimi nikishasema, nimesema.

Furaha sikumwambia. Alikuja Sweden akiwa na miaka mitano, mimi namsemesha Kiswahili yeye ananijibu Kiswidi, na nilijua atasema "Men mamma!", yaani lakini mama, kwa ile sauti yao ya kumkatia mzazi maneno. Yeye alimwambia Rui tu kwamba mama anataka kujua kwao wanakula nini. Masikini, kijana alifurahi mpaka akaja kwangu na ramani. Akanieleza kwamba Ureno haina chakula kimoja, kila mkoa na chungu chake, kwa hiyo tutashukia kaskazini na kuteremka kwa gari mpaka kusini kwa mama yake. Nilimwitikia huku nahesabu moyoni ni mara ngapi nitatakiwa kujificha.

Mwezi wa nne, theluji chafu ingali imelala pembeni mwa njia, tuliondoka uwanja wa ndege wa Arlanda sisi watatu. Ndani ya ndege walileta mkate na jibini. Rui alikuwa kiti cha jirani yangu. Niliweka mkate kwenye mkoba nikasema nimeshiba. Huko nyuma, kwenye choo cha ndege, niliula nimesimama, na abiria mmoja akawa anagonga mlango. Nikaona kumbe inawezekana.

Mchana tulikuwa Porto. Mji umepanda kilima kama unapanda ngazi, na duka la kwanza nililoliona lilinisimamisha hapohapo barabarani: makayabu! Samaki wa chumvi, wamekauka, wamepangwa mpaka dari. Sisi Wakongo tunamjua makayabu, tunamloweka, tunampika na nyanya, na siku zote nilidhani ni chakula chetu. Nilimwambia muuzaji kwa Kifaransa kwamba ana chakula cha kwetu. Akaniambia hapana mama, ni cha kwetu sisi. Tulibishana mpaka Rui akanivuta mkono.

Ukifika Porto, msomaji wangu, usipoteze muda na vinginevyo. Agiza matumbo. Wanayapika na maharagwe meupe, soseji na karoti, wanayaacha motoni mpaka mchuzi unakuwa mzito, na wali unakuja kando. Harufu ilinifikia kabla ya sahani. Mimi na matumbo, mnanijua. Rui alikaa mbele yangu macho kwa macho, ameweka viwiko mezani, anasubiri kuona uso wangu nikionja.

"Mkwe," nilimwambia, "miwani yangu nimeisahau garini."

Akaenda. Gari lilikuwa mbali, chini ya kilima. Alivyopotea kwenye kona nilikula kama mtu anayekimbia mvua. Furaha akasema mamma, taratibu, utapaliwa. Rui aliporudi anahema, bila miwani kwa kuwa miwani ilikuwa mkobani mwangu, sahani yangu ilikuwa tupu na mimi nafuta mdomo.

"Vipi, ilikuwa tamu?"

"Tamu sana. Aksanti, mkwe."

Alitabasamu, lakini niliona amekosa kitu. Jioni niliagiza tena, nikamtuma garini akaniletee kitambaa cha shingoni, nasikia baridi. Akaleta, akanikuta nimemaliza. Kesho yake asubuhi akaniuliza kama kuna chochote kingine nimesahau garini kabla hatujaketi kunywa chai. Nikasema hapana. Nikanywa chai kavu.

Kutoka Porto tulishuka kusini siku nzima. Milima ikaisha, nchi ikalala, miti ya kutengenezea vizibo imevuliwa gome mpaka kiunoni. Hii ni Alentejo, nchi ya mkate. Huko watu walikuwa na mkate mkavu na majani, wakafanya navyo maajabu. Mama mwenye nyumba ya wageni karibu na Évora alinikaribisha jikoni, na jikoni ndiko nilikotaka. Alitwanga kitunguu saumu na giligilani na chumvi, akamimina mafuta ya zeituni na maji ya moto, akatupia vipande vya mkate wa juzi, na juu yake yai. Basi. Ukinusa tu giligilani unasikia njaa. Nilikula hukohuko nimekaa kwenye kigoda, na mama yule akafurahi kuona mtu anayekubali kuongezewa bila kubembelezwa.

Mezani Rui alikaa na Furaha na kiti changu kitupu. Nilimsikia akiuliza kwa Kiswidi: "Yuko wapi mama?"

"Jikoni."

"Tena?"

Kiswidi chake siku ile hakikuwa na mbwembwe. Nilisikia, sikujali. Nilikuwa nimeonja mikoa miwili na heshima yangu ilikuwa nzima. Nilijiona hodari.

Siku iliyofuata Rui alituvusha mpaka tukaingia Uhispania kidogo, kwa sababu upande wa pili wa mpaka wanapika mkate uleule kwa namna nyingine, wameukaanga mkavu, chembechembe, na kitunguu saumu, pilipili nyekundu ya unga na vipande vya nyama ya nguruwe. Alitaka nilinganishe. Aliliongelea jambo hilo njia nzima. Tulikaa kwenye mkahawa wa kijijini, meza ziko nje, jua zuri. Sahani zikaja. Mimi nikainuka nikageuza kiti changu, nikawapa mgongo, nikaanza kula natazama ukuta.

Nyuma yangu nikasikia uma unawekwa mezani.

"Mama," alisema Rui kwa Kiswidi, polepole, ili nielewe kila neno. "Kama hunitaki, niambie. Usinitume garini. Usinigeuzie mgongo mbele ya watu. Nimekuleta kote huku ili ule na mimi."

Akaondoka, akaenda kusimama karibu na gari. Nikaweka uma wangu chini. Haki ya Mungu, sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba yeye anaona nini. Nilikuwa nahesabu heshima ninayompa, na yeye alikuwa anahesabu matusi. Niliumia. Kijana mzuri vile!

Furaha alinigeukia macho yamejaa. "Men mamma! Unafanya nini? Unataka aniache?" Na safari hii mengine yote aliyasema kwa Kiswahili, jambo ambalo hufanya tu akiwa na hasira au anaumwa.

Nikamweleza. Nikamweleza kitenge cha bibi yake, mbuzi wa baba yake, na kazi ya shangazi niliyobebeshwa. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Baba alileta mbuzi?"

"Jike. Mweupe na weusi masikioni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema mambo ya zamani."

"Labda ningesema," alijibu. "Halafu ningemwambia Rui. Mwambie basi, yuko pale!"

"Mimi? Mama hamwambii mkwe alete nini. Huko ni kuomba. Anayesema ni mwanamume wa upande wetu."

Nikachukua simu yake nikampigia Zakaria. Nilimpata kazini, yuko kwenye mapumziko, anatafuna kitu. Nikamwambia yaliyotokea.

"Bon," alisema. "Lakini mimi nilijua wewe umeshamwambia."

"Nitamwambiaje mimi, Zakaria? Wewe ndiye msemaji wetu!"

"Na mimi nikadhani kwa kuwa unakaa naye mji mmoja..."

"Na wewe unakaa mji gani? Kigoma?"

Akameza alichokuwa anatafuna, akasema, "Mpe simu."

Furaha akampelekea. Tulimtazama Rui akizunguka gari, simu sikioni, anasema "ja" na "jaha" na tena "ja", ndiyo na kumbe za Kiswidi. Alizunguka mara nyingi. Wakati mmoja aliinua mkono akaonyesha ukubwa wa kitu fulani, utafikiri Zakaria anamwona. Aliporudi mezani hakunitazama usoni. Alikaa, akageuza kiti chake na yeye, akanipa mgongo, akala migongo yetu ikitazamana. Mwenye mkahawa akatuangalia akajipiga alama ya msalaba.

Tukashika njia ya kwenda kusini. Sikujua Zakaria amemwambia nini, na kwa desturi sikuruhusiwa kuuliza. Niliangalia machungwa yakipita dirishani na kuomba. Kama kijana ataona ni upuuzi, basi. Furaha atalia, mimi nitarudi na tumbo lililojaa na mikono mitupu, na Zakaria atasema nilikwambia.

Jioni tuliingia Olhão, mji wa wavuvi kusini kabisa, nyumba nyeupe zenye mapaa ya kukaa. Mama yake Rui, Mama Lurdes, alitupokea mlangoni, mwanamke mfupi, kifua mbele, mikono ya kazi. Zamani alifanya kazi ya usafi Ufaransa, kwa hiyo Kifaransa tulikutana nacho. Nilivua viatu nje kama tunavyofanya Stockholm. Akapiga kelele, Mungu wangu atashikwa na baridi, akakimbia kuniletea ndala za marehemu mumewe. Nililala na ndala zile karibu na kitanda.

Asubuhi Rui hakuwepo. "Ametoka na gari," alisema Furaha, na yeye hakujua zaidi. Mama Lurdes aliniita jikoni. Jumamosi hiyo alikuwa anapika chakula cha kwao, xerém, na jirani wawili walikuwa wamealikwa kuja kumwona mama wa Furaha. Alichemsha kome wadogo wa baharini mpaka wakafunguka, akachuja maji yao, akarudisha maji jikoni na vipande vya nyama iliyokaushwa. Halafu akachukua unga. Wa mahindi! Wa njano, lakini wa mahindi. Akaanza kumwaga kwa mkono wa kushoto na kukoroga kwa mwiko, mwiko wa mti, sawasawa na wangu ulioko Rågsved.

Nilishika ukingo wa meza. Nimesafiri Ulaya yote hii kumbe wanasonga bugali!

"Lete mwiko," nilimwambia. Akanipa. Nikasonga, nikasonga, lakini ulikuwa laini, unateleza. "Huu bado uji," nikasema, nikachota unga.

Akanishika mkono. "Hapana! Utauharibu. Xerém inatakiwa kutiririka."

"Bugali unatakiwa kusimama."

"Kwangu unatiririka."

Tulitazamana, mwiko katikati yetu. Mwishowe alitoa sufuria ndogo, nikahamishia kiasi changu humo, nikausonga mpaka ukasimama wenyewe. Alikuja akauchoma kwa kidole, akasema hicho ni tofali. Lakini alionja, na baadaye nilimwona akionja tena.

Mchana, jirani wameshaketi na meza imeandaliwa, gari likasimama nje. Rui akaingia. Shati jeupe, amechana nywele, na mikononi ameshika kuku. Kuku mzima, jike, mwekundu, miguu imefungwa kwa utepe. Nywele alizichana lakini manyoya mawili yalikuwa yamemganda begani. Akaja mpaka mbele yangu, akapiga goti, akamweka kuku miguuni pangu kwa mikono miwili. Akasimama, akatoka nje uani, akafunga mlango, akageuza mgongo.

Kupitia dirishani tulimwona amesimama kwenye jua, mikono nyuma, anatazama ukuta wa jirani.

"Rui!" aliita Mama Lurdes. "Chakula kinapoa! Umechanganyikiwa?"

"Mpaka mama ale!" alijibu bila kugeuka.

Furaha akamweleza kila kitu kwa haraka, kwa Kifaransa cha kuokota. Mama Lurdes alimwangalia kuku, akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Nililia kama siku ile ya mbuzi. Basi yule mwanamke akavuta kiti changu, akanikalisha.

"Kula basi, mama," alisema. "Mwanangu ana njaa."

Nikanawa. Nikamega bugali wangu, nikaufinyanga, nikachovya kwenye mchuzi wa kome. Kwetu ziwani makome tunawaachia watoto wachezee, lakini nilikuwa nimetumwa na niliwala, mmoja mmoja, na niseme kweli walikuwa watamu. Sikuharakisha. Safari nzima nilikuwa nimekula kama mwizi, na hapa nilikula kama shangazi, nikaomba kuongezewa hata ule unaotiririka. Jirani walikuwa wananitazama na vijiko vyao hewani. Nje, Rui alibadilisha mguu.

Niliposhiba nilinyanyuka nikafungua mlango. Tangu Stockholm nilikuwa nimemwita mkwe, mkwe.

"Mwanangu," nikamwita, "njoo tule."

Aligeuka. Pua yake ilikuwa imeiva kwa jua. Aliketi mbele yangu macho kwa macho kama alivyotaka tangu Porto, nami nikamega tonge kutoka kwenye ile sufuria ndogo nikamwekea mkononi, na nikala lingine anaona. Akatafuna, akatafuna sana.

"Mama," alisema, "hii ni ngumu."

"Utazoea," nikamwambia.

Siku ya kurudi tulikuwa na tatizo la kuku. Kuku wa namna hiyo hachinjwi wala hatolewi, ni wangu. Lakini nani ataniruhusu kupanda naye ndege? Rui alikuwa ameshaanza kuulizia kibali, nikamkataza. Mama Lurdes akatatua. Alimfungua utepe, akamwachia kwenye banda lake nyuma ya nyumba, akasema nitakulishia mpaka utakaporudi. Juu ya Ulaya, ndani ya ndege, walipoleta mkate na jibini, niliufungua mkate wangu palepale kwenye kiti. Rui aligeuza uso dirishani kwa haraka, hajazoea. Nikamgusa bega.

Jumapili iliyofuata nilikuwa tena Fisksätra, na chai ileile. Nilimpa Zakaria habari zote, matumbo ya Porto, supu ya mkate, mkate wa kukaanga, bugali unaotiririka. Nilimwambia pia nilichojifunza, na ninyi nawaambia: heshima ambayo mwenzako hajaelezwa, yeye anaiona dharau. Mweleze kwanza. Mkiwa ugenini ndiyo zaidi, kwa sababu shangazi wa kumweleza yuko mbali na hana viza.

Zakaria alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kuku yuko wapi?"

"Yuko kwao, bandani. Jana mama yake Rui amepiga simu. Kuku amelalia mayai."

Shemeji yangu aliweka kikombe chini. Akatazama dirishani, treni ikapita.

"Vifaranga vitakuwa vya nani?"

"Vyangu. Kuku ni wangu."

"Basi tuna kwetu kule," alisema. "Waambie wazee wao waje."